Majibu ya mama yameandikwa "uvimbe tumboni": je, ni saratani inayokuja?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 57, anaishi Makete. Vidonda vya tumbo vimemsumbua zaidi ya miaka tisa. Mwezi wa tatu tulimleta Mbeya akapimwa kwa kamera, wakakata vinyama vidogo vya kwenda kuchunguza. Karatasi ya majibu inasema ukuta wa tumbo umevimba kwa muda mrefu, bakteria wa H. pylori wapo, seli za saratani hazikuonekana. Alipewa dawa za siku 14, akaacha siku ya sita kwa uchungu wa mdomo na kichefuchefu. Sasa kwenye kundi la familia la WhatsApp umetumwa ujumbe unaosema kila saratani huanza na uvimbe wa ndani, na kwamba mtu akinywa unga wa manjano na dawa ya kuzuia uvimbe kila siku hapati saratani. Mama alikuwa na diklofenaki za magoti, ameanza kuzimeza kila siku. Shangazi naye anatulaumu kwa kukubali mama akatwe vile vinyama. Bibi mdogo alikuwa na uvimbe kwenye titi, akapasuliwa, miezi michache baadaye ukasambaa, akafariki. Nauliza: huu uvimbe wa mama utageuka saratani? Aendelee na dawa? Kukata ndiko kunakosambaza? Na sisi watoto wake watano, mimi binti wa kwanza nina 36, tupimwe?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisilosubiri. Mama aache diklofenaki leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Dawa hiyo hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoleta kuvimba, lakini kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazolinda ngozi laini ya tumbo isiliwe na asidi. Mtu mwenye vidonda, ambaye bakteria wake bado wapo, akiimeza kila siku anaweza kutokwa damu tumboni bila dalili yoyote kumtangulia. Kwa magoti atumie parasetamoli kwa dozi ya kawaida, na akienda kwa daktari aseme wazi kuwa ana vidonda ili atafutiwe njia nyingine. Choo kikiwa cheusi na kinanata kama lami, au akitapika kitu kama machicha ya kahawa, mpelekeni hospitali usiku uleule. Msingoje kupambazuke.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona neno moja limewachanganya wote nyumbani: uvimbe. Kiswahili chetu kimelitwisha neno hili mizigo miwili. Nyuki akikuuma mkono ukatuna, tunasema uvimbe. Kinyama kikiota kwenye titi, napo tunasema uvimbe. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya mama ni ule wa kwanza. Hospitalini wengi wetu huuita inflamesheni, na nitalitumia neno hilo hapa chini ili tusigongane. Mama ana inflamesheni ya ukuta wa tumbo. Hana uvimbe wa saratani, na waliochunguza vile vinyama kwa hadubini wamewaambia hivyo.

Je, hiyo inflamesheni inahusiana na saratani? Ndiyo, inahusiana, na hapo ujumbe wa WhatsApp umeshika kipande cha ukweli. Mwaka 1863 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliona chembe nyeupe za damu zimejazana ndani ya nyama za saratani, akasema huenda saratani huota pale mwili unapochokozwa muda mrefu. Wenzake wengi hawakumfuata, na ilipita zaidi ya karne moja kabla sayansi haijamrudia kwa uzito. Lakini kuhusiana ni jambo moja, na "kila saratani huanza hivyo" ni jambo jingine kabisa.

Fikiria umechomwa na mwiba shambani. Ndani ya dakika chache mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panatuna, panauma. Huo si ugonjwa, ni kinga ya mwili inafanya kazi. Mishipa ya damu imetanuka ili chembe nyeupe zipite haraka. Zinazofika kwanza humwaga kemikali kali za kuua vijidudu, nyingi zikitengenezwa kwa oksijeni. Baadaye huja nyingine kubwa zinazoitwa makrofeji, ambazo humeza uchafu na mizoga ya vijidudu. Kisha, na hapa ndipo pa kuangalia sana, makrofeji hubadilisha kazi. Zilikuja kama askari, sasa zinakuwa mafundi ujenzi. Zinaziamuru seli za jirani zigawanyike kuziba pengo, zinaita mishipa mipya ya damu ije kulisha ujenzi, zinalainisha nyama ya pembeni ili seli mpya zipate pa kupita. Pengo likizibwa, amri hizo husitishwa. Baada ya wiki mbili unabaki na kovu dogo na umeshasahau.

Shida huja pale mwiba usipotoka. Kinga haijui kukata tamaa. Inaendelea kumwaga zile kemikali kali mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na kemikali zenyewe hazichagui. Zinampiga bakteria, na zinazipiga seli zako pia, hadi kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiambia seli iwe nini na isimame wapi. Papo hapo amri ya "gawanyikeni mzibe pengo" haijasitishwa. Seli ikigawanyika huku maandishi yake yanachakazwa, makosa yananakiliwa na kurithishwa. Makosa mengi hayana madhara, na seli nyingi zilizoharibika hujiua zenyewe. Ila miaka ishirini au thelathini ni muda mrefu. Ikitokea seli moja imekusanya makosa ya kuiruhusu kugawanyika bila breki, inajikuta kwenye udongo uliokwisha kutiwa mbolea: damu ipo, amri za kukua zipo, njia za kupenya zipo.

Mwaka 1986 mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Harold Dvorak, aliandika kwamba saratani inafanana na kidonda kisichopona. Bibi zetu wangemwelewa mara moja, maana wao walikuwa na jina lake siku nyingi: kidonda ndugu. Kidonda kilichohamia mwilini kikaishi na wewe kama jamaa yako. Saratani hutumia mafundi walewale wa kuponya kidonda, isipokuwa hakuna anayewaambia kazi imekwisha.

Na kidonda ndugu chenyewe, kile cha ngozi, kinaweza kweli kugeuka. Nyanda zetu ni za baridi. Juni na Julai huko kwenu Makete, Njombe na Mufindi, watoto hukaa karibu mno na moto, na wengine huangukia. Mtu anakua na kovu kubwa la moto kwenye goti au kisigino, na kwa kuwa limekaza, kila mara linapasuka, linatoka majimaji, linafunga, linapasuka tena. Baada ya miaka mingi saratani ya ngozi inaweza kuota palepale. Ilipewa jina la Marjolin, daktari wa Ufaransa aliyeeleza vidonda vya aina hiyo mwaka 1828. Nalitaja kwa sababu huku kwetu ni jambo la kuonekana kwa macho, na kwa sababu wengi huja wakiwa wameshapaka dawa za kila namna kwa miaka. Kovu la zamani ambalo sasa lina kidonda kisichofunga, kimeota kingo ngumu kama koliflawa au kinanuka, lipelekwe hospitali likakatwe kipande na kupimwa.

Turudi kwenye tumbo la mama. Mwiba wake una jina, ni Helicobacter pylori. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi tulifundishwa kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walimwona bakteria huyu mwaka 1982, na kwa kuwa walibishiwa, Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984, tumbo lake likavimba siku chache baadaye. Walipewa Nobel mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani lilimweka bakteria huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa watu mwaka 1994.

Ukiishia hapo utaogopa sana, kwa hiyo usiishie hapo. Takriban nusu ya watu wote duniani wamewahi kuishi na bakteria huyu, wengi wakiwa wamempata utotoni. Katika kila watu mia wenye naye, mmoja hadi watatu ndio hupata saratani ya tumbo. Na safari yenyewe ni ndefu, ina vituo. Kwanza ukuta huvimba muda mrefu, na hapo ndipo mama alipo. Kisha, kwa baadhi tu, tezi za tumbo huanza kusinyaa. Kwa baadhi ya hao, ngozi ya tumbo hujibadilisha ifanane na ya utumbo, hali inayoitwa metaplasia. Kwa wachache zaidi seli huanza kupoteza mpangilio, na mwisho kabisa ndiyo saratani. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni miongo. Wengi hushukia kituo cha kwanza au cha pili na kukaa hapo maisha yao yote.

Soma tena karatasi ya mama, au mpe daktari aisome, mtafute kama kuna neno atrofi, yaani kule kusinyaa kwa tezi, au metaplasia. Kama hayapo, yuko mwanzoni mwa njia. Kama yapo, bado si saratani, ila atahitaji kurudiwa kamera kwa ratiba atakayopewa na daktari wake.

Kilicho muhimu ni kwamba mwiba huu unatoka. Kwenye visiwa vya Matsu huko Taiwan walianza mwaka 2004 kuwapima watu wote wazima na kuwatibu wenye bakteria, na saratani ya tumbo ikapungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na ilivyokuwa. Ndiyo maana zile siku nane za dawa ambazo mama hakumaliza zinanisumbua kuliko neno uvimbe. Simlaumu. Uchungu ule wa mdomo kama umelamba shaba ni wa kweli, dawa hizo zinao, na pengine hakuna aliyemwambia mapema kwamba utakuja na utaondoka. Lakini dozi iliyokatizwa haikumwacha bakteria kama alivyokuwa. Imempa nafasi ya kuizoea dawa, na hapa nchini usugu wa bakteria huyu, hasa kwa dawa iitwayo klarithromaisini, ni tatizo linalojulikana. Kwa hiyo msinunue mchanganyiko uleule dukani. Arudi kwa daktari, aseme ukweli kwamba aliacha siku ya sita, apangiwe mchanganyiko mwingine. Safari hii ameze baada ya kula, apatiwe kitu cha kutuliza kichefuchefu ikibidi, na mmoja wenu awe anampigia simu kila jioni mpaka siku ya mwisho. Kama kuna metronidazole ndani yake, asiguse pombe yoyote, iwe ulanzi au komoni, siku zote hizo, maana vikikutana vinaweza kumtapisha vibaya.

Baada ya kumaliza, apimwe tena kuhakikisha bakteria ameondoka. Hapa watu wengi hupotezewa fedha. Kipimo cha damu kinachotafuta kumbukumbu ya kinga kinaweza kubaki "pozitivu" miezi au miaka baada ya kupona. Nimewaona watu wametibiwa mara nne kwa ajili ya bakteria waliokwisha kufa zamani. Ombeni kipimo cha choo, au cha pumzi pale kilipo, kifanyike angalau wiki nne baada ya dozi kwisha, na mama awe ameacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki mbili kabla yake. Vinginevyo kipimo kinaweza kudanganya.

Sasa wazo la kuzima inflamesheni yote kwa kidonge cha kila siku. Ukilisikia lina mantiki: kama moto ndio unaochoma, tuuzime. Watafiti nao walilifikiria, na walilijaribu kwa makini kuliko ujumbe wa WhatsApp. Aspirini imeonekana kupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu wa koo fulani zenye kasoro ya kurithi iitwayo Lynch. Lakini ilipojaribiwa kwa wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa na afya njema, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha waliomeza aspirini walitokwa damu zaidi, na vifo vya saratani kati yao vilikuwa vingi zaidi, si vichache. Mwaka 2017 dawa nyingine ya sindano, inayozuia kemikali moja tu ya inflamesheni, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000. Saratani ya mapafu ilipungua kati yao, jambo lililotupa matumaini makubwa, lakini waliokufa kwa maambukizi waliongezeka. Ilipojaribiwa baadaye kama tiba kwa wenye saratani ya mapafu, haikuleta matunda yaliyotarajiwa.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu kinga ileile inayoweza kuirutubisha saratani ndiyo pia inayoiwinda. Kila siku kuna seli zinazokosea, na chembe za kinga huziona na kuziua. Kinga ikidhoofika, saratani huongezeka. Huku kwetu tunalijua hilo kwa uchungu: Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi mengi ya Virusi vya Ukimwi kuliko karibu mikoa yote nchini, na mwanamke mwenye virusi hivyo ana uwezekano wa kupata saratani ya shingo ya kizazi mara sita hivi zaidi ya asiye navyo. Nobel ya tiba ya mwaka 2018 ilikwenda kwa James Allison na Tasuku Honjo, waliogundua namna ya kuifungua breki kinga ili ishambulie saratani. Kwa maneno mengine, tiba mojawapo kubwa ya saratani ya zama hizi inachochea kinga, haiizimi. Anayekuambia inflamesheni ni adui tupu hajakieleza hata nusu ya kisa.

Manjano kwenye mboga, mama aendelee nayo, ni kiungo kizuri. Unga wake wa kunywa hauna ushahidi wa kuzuia saratani kwa binadamu, na kiini chake hakiingii kwenye damu ila kidogo mno. Vile vidonge vilivyokolezwa na kuchanganywa na pilipili manga ili kiingie zaidi vimeripotiwa kuharibu ini kwa baadhi ya watu. Fedha hiyo mngelipia kipimo cha choo.

Na lile la "kila saratani" si kweli. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huletwa na kirusi cha HPV ambacho chenyewe huingia ndani ya seli na kuvunja breki zake. Inflamesheni inaweza kusaidia uharibifu, lakini si yenyewe inayoanzisha. Saratani nyingine hutokana na kasoro za kurithi, nyingine na jua kali, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, nyingine na makosa ya kawaida ya seli kujinakili kadiri umri unavyosonga. Ambapo inflamesheni ndiyo mhusika mkuu ni pale penye mwiba wa kudumu: homa ya ini aina ya B na C, kichocho cha mkojo kwenye kibofu, bakteria wa tumbo. Kwa hesabu ya mwaka 2018, maambukizi ya kila aina yalichangia takriban asilimia 13 ya saratani mpya duniani, watu milioni 2.2. Huku Afrika kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Ni habari nzito, lakini maambukizi mengi ya hayo yana chanjo au dawa.

Suala la shangazi nalipa heshima yake, kwa sababu amemzika mtu. Tena kuna ukweli uliojificha ndani yake, nami sitaki kuuficha.

Saratani husambaaje? Seli moja lazima ijitoe kwenye kundi, ipenye nyama, iingie kwenye mshipa, isafiri, itoke, na iote ugenini. Karibu kila hatua ina mkono wa inflamesheni. Makrofeji hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha nyama inayozuia njia, na zimeonekana zikiongozana na seli za saratani hadi mlangoni mwa mshipa. Hata hivyo seli nyingi hufia njiani. Daktari wa London, Stephen Paget, alipitia mwaka 1889 kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona imeota kwenye ini mara nyingi mno na kwenye wengu mara chache, ingawa vyote hupata damu. Akasema mbegu huchukuliwa pande zote, lakini huota tu kwenye udongo uliokubali. Mkulima wa Makete haambiwi hilo mara mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli za saratani ya titi zilizolala kwenye mapafu ya panya huweza kuamshwa pale mapafu yanapochokozwa na moshi wa sigara. Na kuna uchunguzi mwingine kwa panya unaoonyesha kuwa hata kupona kwa kidonda cha upasuaji kunaweza kuwaamsha walalao wa mbali, yaani seli za saratani zilizolala kwenye viungo vingine.

Shangazi akisikia hilo atasema, "Si nilisema?" Basi msomee na sentensi hii: hao wa mbali walikuwa wameshafika kabla ya kisu. Kisu hakikuwapeleka. Wanawake wengi wa Tanzania hufika hospitali saratani ya titi ikiwa imeshafikia hatua ya tatu au ya nne, na kwa maneno yako sidhani bibi mdogo alikuwa tofauti. Upasuaji ulikuja mwishoni mwa hadithi, ndiyo maana unakumbukwa kama sababu ya mwisho wake. Saratani ya titi isipoondolewa haikai kimya kwa kuwa haikuchokozwa. Huendelea. Sindano au kifaa cha kuchukua kipande kinaweza kubeba seli njiani, lakini hutokea kwa nadra, na kwenye viungo ambavyo hatari hiyo ni kubwa kidogo, kama baadhi ya uvimbe wa ini au korodani, madaktari hupanga njia tofauti kwa sababu hiyo. Vinyama vya tumbo la mama ni vidogo kama punje ya ulezi, na bila hivyo leo tungekuwa tunabahatisha kati ya inflamesheni na saratani. Mlifanya sawasawa kukubali.

Yapo mambo mengine mawili ya nyumbani. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha huchokoza mapafu kila siku. Najua baridi ya huko na najua kwa nini mlango unafungwa, lakini tundu la juu la kutolea moshi linasaidia. La pili ni chai. Sisi tunaotoka kwenye wilaya za chai, Rungwe na Mufindi, tunainywa ikiwa bado inachemka. Kinywaji cha moto zaidi ya nyuzi 65 kilitajwa mwaka 2016 kuwa huenda kinasababisha saratani ya umio, kwa kuunguza njia ya chakula tena na tena, na ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, hasa jirani zetu wa Malawi, una saratani hiyo kwa wingi. Mama aimimine, aiache dakika chache, ndipo anywe.

Mrudisheni haraka, bila kusubiri tarehe ya kliniki, akianza kukonda bila sababu, chakula kikikwama kooni au kifuani, akitapika kila anachokula, akipauka na kuchoka kwa kupungukiwa damu, au tumbo likipapaswa na kukutwa kitu kigumu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo njia ya kawaida kwa nyanda hizi, na daktari wake akiona haja ya mionzi atawaelekeza zaidi, kama Taasisi ya Saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam.

Ninyi watano: bakteria huyu hukaa ndani ya familia, kwa hiyo mwenye kiungulia cha kudumu au maumivu ya chembe ya moyo apime choo chake na atibiwe akikutwa naye. Asiye na dalili, na hakuna aliyeugua saratani ya tumbo kwenye ukoo, hana haraka. Lakini wewe mwenye miaka 36 una kipimo kingine ambacho hukukiuliza, na kwangu ni cha kwanza kuliko hicho. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ukapimwe shingo ya kizazi. Wanapaka siki laini, wanaangalia, ni dakika chache, na wakikuta mabadiliko ya mwanzo mara nyingi hutibiwa hapohapo. Mchukue na mdogo wako wa kike aliyefikisha 30. Ukiwa na mabinti wa miaka tisa hadi kumi na nne, uliza chanjo ya HPV shuleni kwao.

Siku mtakayomleta mama Mbeya, njooni na ile karatasi ya majibu, makopo na pakiti za dawa zote alizowahi kumeza, hata zile za siku sita, pamoja na unga wenyewe wa manjano ili tuone una nini ndani. Na shangazi kama anaweza kupanda gari, mje naye. Swali lake nitamjibu ana kwa ana.